Nani Anamfundisha Mkutubi wa Hospitali?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, kuharisha kwa watoto, lishe ya mama mjamzito na mambo mengine yanayozigusa familia zetu kila siku. Safari hii tunaomba mtuvumilie kidogo, maana tunataka kumleta mbele yenu mtu ambaye wengi wenu hamjapata kumwona, hata kama mmelazwa hospitalini mara tatu. Havai koti jeupe, hashiki sindano, na jina lake haliandikwi kwenye cheti cha mgonjwa. Huyu ni mkutubi wa hospitali, yaani mtunzaji wa maktaba ya tiba.

Pengine utauliza: mkutubi na afya yangu, wapi na wapi? Je, si yule anayegonga mihuri kwenye vitabu na kuwanyamazisha wanafunzi? Hebu tuanze na kisa kimoja cha kweli.

KISA CHA BALTIMORE

Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, watafiti walikuwa wakichunguza jinsi mapafu ya mtu asiye na pumu yanavyozilinda njia zake za hewa zisibane. Waliwaomba watu wenye afya njema wajitolee. Mmoja wao alikuwa binti wa miaka 24, mfanyakazi wa maabara hapo hapo chuoni. Tarehe 4 Mei alivuta mvuke wa dawa iitwayo heksamethoniamu. Baadaye akaanza kukohoa, homa ikampanda, na mapafu yakashindwa kazi. Tarehe 2 Juni alifariki dunia.

Dawa ile haikuwa mpya. Zamani iliwahi kutumika kutibu shinikizo la damu. Kabla ya kuanza utafiti, mhusika alikuwa ametafuta habari zake katika PubMed, hazina kubwa ya kompyuta inayoorodhesha makala za tiba, pamoja na kuangalia kitabu cha kiada. Hakuona la kumtisha. Lakini PubMed ya wakati ule ilianzia mwaka 1966. Makala zilizoeleza madhara ya dawa hiyo hiyo kwenye mapafu ya wagonjwa zilikuwa za miaka ya 1950. Zilikuwa zimeorodheshwa katika faharisi za karatasi, vile vitabu vizito vinavyokaa kwenye rafu za chini bila mtu kuvigusa. Baada ya msiba, wakutubi na watafiti wengine walizitafuta makala zile wakazipata bila taabu kubwa.

Uchunguzi ulionyesha makosa mengine pia. Mathalani, mtu wa kwanza aliyevuta dawa ile alipata kikohozi, na jambo hilo halikuripotiwa mapema kama ilivyopasa. Mwezi Julai serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda karibu utafiti wote uliofanywa kwa binadamu chuoni pale kwa fedha zake. Kwa hiyo hatusemi kwamba kifo kile kilitokana na utafutaji peke yake. Tunachosema ni hiki: mtu alifungua sanduku, akaangalia ndani, akaona hamna kitu, akaondoka. Hakujua kwamba chini ya sanduku lile kulikuwa na sanduku jingine.

Hilo la pili ndilo ambalo mkutubi wa tiba hulipwa mshahara alijue.

KUTAFUTA NI UFUNDI

Wengi wetu tunadhani kutafuta habari ni kuandika neno kwenye kompyuta au simu na kungoja jibu. La hasha. Chukueni mfano wa kifafa cha mimba, ambacho akina mama wengi wanakijua kwa uchungu wake. Mama mjamzito anapandwa na shinikizo la damu, mkojo unakuwa na protini, pengine uso na mikono vinavimba, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, na hatimaye anapatwa na degedege. Sasa muuguzi mkunga anamjia mkutubi akisema, "Naomba yote yaliyoandikwa juu ya dawa ya kuizuia hali hii." Ungedhani ni kazi ya dakika tano.

Lakini kwa Kiingereza cha kitaalamu kuna jina moja la hali inayotangulia degedege, na jingine la degedege lenyewe. Vitabu vya zamani viliuita ugonjwa huu toksemia, kwa kuwa madaktari wa wakati ule walidhani kuna sumu katika damu. Na neno hilo hilo la toksemia, Waingereza huliandika kwa herufi moja zaidi ya Wamarekani. Mkutubi akiandika kwa namna ya Waingereza tu, anaweza kuziacha nje makala za Wamarekani. Akiandika jina la siku hizi tu, anawaacha nje wazee wote. Mambo ni hayo hayo kwa dawa tuliyo nayo karibu kila nyumba: sisi tunaiita parasetamoli, lakini Marekani inaitwa asetaminofeni, na anayeijua kwa jina moja hupata nusu ya habari.

Tena kuna yale maneno madogo ya kuunganisha, ambayo ndiyo yenye hila zaidi. Ukiiambia mashine "malaria NA mimba", hukuletea makala zinazozungumzia mambo yote mawili kwa pamoja. Ukikosea ukaandika "malaria AU mimba", hukuletea kila kitu cha malaria na kila kitu cha mimba, mlima usiopandika. Halafu kuna neno "SIYO". Tuseme unatafuta dawa ya watu wazima, ukaandika "SIYO watoto". Mashine itakutii kabisa: itatupa hata makala nzuri iliyowachunguza watu wazima na watoto kwa pamoja. Wala haitakuambia kwamba imeitupa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mpishi akizidisha chumvi, walaji watakunja nyuso. Fundi akikata suruali vibaya, mwenyewe atairudisha. Lakini mkutubi akikosea kutafuta, anampa daktari karatasi kumi safi, daktari anashukuru, na wote wawili wanakwenda nyumbani wameridhika. Ile karatasi ya kumi na moja hakuna anayeijua.

Na karatasi ya kumi na moja inaweza kuwa ndiyo yenyewe. Mwaka 1995 utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti, dawa ya bei nafuu, huzuia degedege la kifafa cha mimba lisirudi, tena vizuri kuliko dawa mbili zilizokuwa zikitumika sana wakati ule, diazepamu na fenitoini. Mwaka 2002 ukafuata utafiti mwingine uitwao Magpie, wenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mama mwenye dalili kufikia degedege. Mkunga aliyezipata karatasi hizo mbili miaka ile, na mkunga ambaye hakuzipata, wangeweza kumhudumia mama yule yule kwa namna mbili tofauti.

UPWEKE WA MTU WA VITABU

Sasa turudi kwenye swali letu. Daktari kijana ana daktari bingwa wa kumsahihisha wodini. Muuguzi ana msimamizi wake wa zamu. Mkutubi wa hospitali ana nani? Mara nyingi yuko peke yake, au wako wawili, katika chumba kilicho mwisho wa veranda. Alisoma ukutubi chuoni zamani, pengine bila somo hata moja la tiba. Tangu siku ile majarida yamehamia kwenye kompyuta, magonjwa mapya yamekuja, na hazina za makala zimebadilika sura mara kadhaa. Mkubwa wake wa kazi ni katibu wa hospitali, mtu mwema, lakini hawezi kutambua kama utafutaji umefanywa vizuri au vibaya.

Semina zipo, lakini hutokea kwa nadra, nazo zina nauli, posho na barua za ruhusa. Tena semina humfundisha mtu yale ambayo mwalimu ameona anayahitaji. Yale ambayo mtu anayakosea bila kujua, mwalimu wa mbali atayaonaje? Anayeweza kuyaona ni mtu wa kazi ile ile, aliyeketi karibu, anayetazama jinsi unavyofanya. Ndiyo maana wakutubi wa tiba wa nchi nyingi wamejenga desturi ya kufundishana wao kwa wao, katika vikundi vidogo.

Desturi yenyewe waliirithi kwa madaktari. Sir James Paget, daktari mpasuaji mashuhuri wa Uingereza wa karne ya 19, alisimulia katika kumbukumbu zake juu ya kijichumba kilichokuwa juu ya duka la mwokaji mikate, karibu na lango la hospitali ya St Bartholomew's mjini London, ambamo yeye na wenzake walikuwa wakikaa kusoma majarida. Tunaona kama harufu ya mikate ilisaidia mahudhurio. Mwaka 1875 William Osler, daktari kijana huko Montreal, Kanada, alianzisha klabu ya majarida katika Chuo Kikuu cha McGill kwa sababu ambayo kila mwenye familia ataielewa: majarida yalikuwa ghali, naye hakumudu kuyanunua peke yake. Wakachanga, wakanunua, wakasoma kwa zamu.

Huyo huyo Osler baadaye akawa rais wa chama cha maktaba za tiba cha Marekani. Chama hicho kiliundwa mjini Philadelphia tarehe 2 Mei 1898 na watu wanane tu: wakutubi wanne na madaktari wanne. Miongoni mwa wakutubi alikuwamo Bi Margaret Charlton wa McGill, aliyekuwa katibu wa kwanza. Kazi yao ya mwanzo haikuwa na makuu. Maktaba iliyokuwa na nakala mbili za jarida iliipa moja maktaba isiyo nayo. Ila kwa kubadilishana majarida walianza kuandikiana, na kwa kuandikiana wakaanza kuulizana.

Mwaka 1971 jambo hili lilipiga hatua nyingine. Bi Gertrude Lamb, huko Kansas City, Marekani, alianza kuwatoa wakutubi nje ya maktaba na kuwatembeza wodini pamoja na madaktari wakati wa raundi ya asubuhi. Mkutubi alisikia swali likizuka pale pale kando ya kitanda. Nadhani mnaweza kukisia woga wake siku ya kwanza, katikati ya lugha ya madaktari. Mtu wa namna hiyo anahitaji mwenzake wa kumuuliza jioni, "Hivi wewe walipotaja neno lile, ulifanyaje?"

VIKUNDI VYENYEWE

Uingereza ni mahali pazuri pa kuona vikundi hivi, kwa kuwa karibu kila hospitali kubwa ya serikali ina maktaba yake, na wakutubi wake wamezoea kukutana. Vipo vya aina nyingi. Tutataja vichache.

Kuna klabu ya kusoma, mtoto wa ile ya Osler. Wakutubi sita au wanane husoma makala moja ya utafiti wa kazi yao wenyewe, kisha hukutana kwa saa moja, mara nyingi wakati wa chakula cha mchana, na kuikosoa. Je, waandishi waliuliza swali linaloeleweka? Waliwahoji watu wangapi? Je, matokeo yao yanafaa katika maktaba yetu yenye kompyuta mbili? Kwa kuwa wengi hawakufundishwa kukosoa utafiti, Andrew Booth na Anne Brice walitengeneza orodha za maswali kwa ajili ya wakutubi wa afya na kuendesha warsha za kuzitumia. Jambo la kupendeza ni kwamba mkutubi anayejifunza kukosoa utafiti wa maktaba hupata jicho la kukosoa utafiti wa dawa, na hapo anamfaa daktari maradufu.

Kuna kikundi cha maswali. Asili yake ni Reg Revans, Mwingereza aliyekuwa mwanafizikia kabla ya kuingia katika mambo ya uongozi. Katika miaka ya 1940 aliwashauri mameneja wa migodi ya makaa ya mawe wakutane wao kwa wao badala ya kuletewa wataalamu, na katika miaka ya 1960 akaipeleka njia hiyo katika hospitali za London. Kanuni yake ni ngumu kuliko inavyosikika. Mtu mmoja analeta tatizo lake halisi, lile linalomkosesha usingizi. Wenzake hawaruhusiwi kumpa ushauri. Wanaruhusiwa kuuliza tu. Jaribuni nyumbani jioni moja mkaone kama mtafika dakika kumi kabla shemeji hajasema, "Mimi ningekuwa wewe..."

Tuseme mkutubi analalamika kwamba madaktari hawaji maktaba. Akipewa ushauri, ataambiwa abandike matangazo. Akiulizwa, "Mara ya mwisho daktari alipokuja, alitaka nini?" halafu, "Ulimpa baada ya siku ngapi?" huenda akagundua mwenyewe kwamba jibu lilichukua wiki mbili, wakati mgonjwa alikuwa amekwisha ruhusiwa.

Kuna pia kahawa ya bahati nasibu, ambayo imekuwa na mzaha ndani yake. Majaribio ya dawa huwagawa wagonjwa kwa kura, nao wakutubi huandika majina yao, wanapiga kura, na wawili waliotoka pamoja wanakunywa kahawa, au wanazungumza kwa simu, nusu saa. Hakuna ajenda. Mkutubi wa hospitali ya wagonjwa wa akili anajikuta na mwenzake wa hospitali ya watoto, watu ambao wasingekutana kamwe.

Lakini kikundi ambacho sisi tunakiona kina uzito kuliko vyote ni kile cha kukaguana. Mwaka 2006 Margaret Sampson na Jessie McGowan wa Kanada walichapisha matokeo ya kazi moja ya kutia aibu kidogo. Walichukua njia 63 za kutafuta makala, zilizotumika katika mapitio ya tiba yenye heshima kubwa duniani, yale ya Cochrane, wakazikagua mstari kwa mstari. Zaidi ya asilimia 90 zilikuwa na kosa moja au zaidi. Herufi iliyorukwa, NA mahali pa AU, jina la zamani lililosahauliwa. Nazo hazikuwa kazi za wanafunzi.

Wangeweza kuishia kulaumu. Badala yake wao na wenzao walitengeneza utaratibu uitwao PRESS, ambao miongozo yake ilifanyiwa marekebisho mwaka 2015. Kabla mkutubi hajaanza kutafuta kwa ajili ya kazi kubwa, humpelekea mwenzake njia yake ya kutafuta. Mwenzake huitazama kwa vipengele sita: kama swali limeeleweka, maneno ya kuunganisha, vichwa vya habari vya faharisi, maneno ya kawaida, tahajia, na mipaka iliyowekwa. Kisha huandika maoni na kuirudisha. Kesho yake zamu inageuka, na aliyekagua anakaguliwa.

Wakutubi waliozoea kazi hii husema anayejifunza zaidi ni mkaguzi. Tunaamini. Hata mama anayepitia madaftari ya mwanawe hukumbuka hesabu alizozisahau.

MAFUNDI CHEREHANI WA LIBERIA

Kwa nini kujifunza kwa namna hii kunashika? Mmoja wa waliochunguza jambo hili kwa makini ni Jean Lave, Mmarekani, aliyekwenda Liberia katika miaka ya 1970 kukaa na mafundi cherehani wa makabila ya Vai na Gola. Aliona kwamba mwanagenzi hafundishwi kwa hotuba. Anaanza na mwisho wa kazi: kushona vifungo, kupinda pindo. Vazi limekwisha tengenezwa mkononi mwake, kwa hiyo anajua linavyopaswa kuwa. Baadaye hushona vipande. Kukata kitambaa, ambako ukikosea umeharibu mali ya mtu, huja mwishoni. Na muda wote huo anawatazama wanagenzi wenzake waliomtangulia kidogo. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger walitoa kitabu juu ya mambo haya, na tangu hapo vikundi vya wakutubi, wauguzi na walimu vimejiona humo.

Msomaji wetu aliyewahi kukaa kwenye kibaraza cha fundi hatashangaa. Jambo lililotuvutia ni hilo la kuanza na pindo. Mkutubi mgeni asipewe kwanza swali zima la daktari. Apewe utafutaji uliokwisha kamilika wa mwenzake, aambiwe, "Tafuta ilipotoboka."

HUKU KWETU

Msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Tangu mwaka 1984 kuna AHILA, chama cha maktaba na habari za afya barani Afrika, chenye matawi katika nchi mbalimbali, Kenya na Tanzania zikiwamo. Mwezi Oktoba 2006 mkutano wake mkuu wa 10 ulifanyika Mombasa, na hapo ndipo ilipozinduliwa kampeni ya HIFA, iliyokuwa na lengo kwamba ifikapo mwaka 2015 kila mtu apate kuhudumiwa na mtu mwenye habari sahihi za afya. Mwaka 2015 ulipita kabla lengo halijafikiwa. Kampeni ikaondoa tarehe kwenye jina lake, ikaendelea. Hatuwacheki, nasi tumewahi kuahidi kumaliza ujenzi kabla ya mvua.

Mapema kidogo, Januari 2002, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa sita walianzisha Hinari, mpango unaoziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya tiba kwa kompyuta bure au kwa bei ndogo. Ulianza na majarida kama 1,500. Kwa mkutubi aliyekuwa akingoja jarida moja kwa meli miezi mitatu, ilikuwa kama mtu wa kisima kufunguliwa bomba. Lakini bomba nalo lina koki yake. Kulikuwa na namba ya siri ya kutunza, kurasa za Kiingereza, na umeme unaokatika katikati ya kazi. Mafunzo yalitolewa kwa wachache ili nao wawafundishe wengine, na hapo ndipo vikundi vilipohitajika. Aliyerudi semina akanyamaza, elimu ilikufa naye. Aliyewaita jirani zake watatu akawaonyesha, na wao wakamwonyesha alichokuwa amekielewa vibaya, elimu iliongezeka.

Kwa hospitali za wilaya zisizo na kompyuta, Shirika hilo hilo lilitengeneza maktaba ndani ya sanduku la chuma la rangi ya buluu, lenye vitabu zaidi ya 100 vya tiba na afya ya jamii, vimepangwa kwa masomo. Wazo zuri sana. Tumewahi kuliona sanduku la vitabu la namna hiyo katika hospitali moja ambayo hatutaitaja. Lilikuwa safi mno. Lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda likizo. Alikuwa ameambiwa alitunze, naye alilitunza. Hatukuona ubaya wa moyo hapo. Tuliona mtu ambaye hakuwahi kukutana na mwenzake wa wilaya nyingine mwenye sanduku kama lake, amwambie kwamba daftari la kuazimia na penseli iliyofungwa kwa uzi vinatosha, na kwamba kitabu kilichochakaa ndicho kilichofanya kazi.

KASORO ZA VIKUNDI

Itakuwa si haki tukivisifu tu. Kikundi cha watu wanaofanya kosa moja kinaweza kulikomaza kosa hilo hadi likawa sheria. Wakutubi watano ambao hakuna anayejua kwamba hazina ile inaanzia mwaka fulani, watakaa mezani mwaka mzima bila kuambizana. Ndiyo maana vikundi vizuri huweka kitu cha nje mezani, ama makala iliyochapishwa, ama orodha ya maswali, ama mgeni mara mojamoja.

Tena kuna suala la cheo. Bosi akiwamo, wadogo huleta makosa madogo ya kuchekesha na kuyaficha makubwa. Kuna vikundi ambavyo hugeuka kuwa vya chai na malalamiko juu ya uongozi. Chai si mbaya, lakini baada ya miezi mitatu mtu huuliza amepata nini. Na kuna ugumu wa waajiri, ambao humwona mkutubi aliyeketi na wenzake wakizungumza wakadhani hafanyi kazi. Siku hizi wengi hukutana kwa simu na kompyuta, jambo linalookoa nauli, ingawa mtandao ukikatika ni yule wa kijijini anayepotea kwanza.

Upande mwingine, tangu mwaka 2021 kuna mwongozo wa kimataifa uitwao PRISMA-S, wenye vipengele 16, unaowataka waandishi wa mapitio ya tiba waeleze walivyotafuta habari zao. Kipengele kimojawapo huuliza kama njia ya kutafuta ilikaguliwa na mtu mwingine. Kwa hiyo ile desturi ya kuomba jicho la mwenzako sasa ina nafasi yake kwenye karatasi rasmi, na mkutubi anaweza kuipeleka karatasi hiyo kwa katibu wa hospitali anapoomba saa moja kwa mwezi.

Wapenzi wasomaji, huenda katika familia yenu yumo mwenye kazi hii: binti aliyeajiriwa maktaba ya chuo cha uuguzi, au mjomba anayetunza kabati la vitabu kwenye kituo cha afya pamoja na kazi zake nyingine. Mwulizeni kama anamfahamu mwenzake aliye karibu. Kama hamfahamu, kwenye hospitali ya pili kuna mtu kama yeye anayekaa peke yake vile vile. Kukutana kwao mara ya kwanza hakuhitaji bajeti wala barua ya mfadhili. Wawili watatu wakae mahali penye kivuli, na kila mmoja aje na swali moja ambalo daktari au muuguzi alimletea mwezi uliopita, akatafuta, akashindwa kulijibu.